Kupima kina kwa boti isiyo na nahodha: somo kwa wanaouliza kila mara

Swali la "mbona vina vyangu havilingani?" limejibiwa humu mara nyingi mno, kwa hiyo jibu lake na likae hapa. Somo linahusu boti ndogo yenye kipima mwangwi cha mwale mmoja (kifaa kinachotuma sauti wima chini na kukokotoa kina kwa muda mwangwi unaochukua kurudi), kwenye maji machache ya pwani yetu.

1. Pata kibali, na uwaarifu wavuvi wa eneo hilo.

2. Funga antena ya GPS wima juu ya kipima mwangwi.

3. Panga mistari ya safari ikate mteremko, kisha uongeze michache ya kukingama, maana pale inapokatana ndipo vina huumbuana.

4. Pima kasi ya sauti majini, kabla na baada ya kazi. Mashine nyingi huja zimewekwa mita 1,500 kwa sekunde, ilhali katika bahari yetu yenye joto la nyuzi 28 sauti huenda takriban mita 1,540, hivyo kina cha mita 20 husomeka pungufu kwa nusu mita. Mdomoni mwa mto, mvua ikinyesha, maji ya mto yasiyo na chumvi hutanda juu ya maji ya chumvi, na kipimo cha asubuhi hakifai tena jioni.

5. Ondoa kupwa na kujaa kwenye vina ulivyopima. Wakati wa bamvua bahari ya Unguja hupanda zaidi ya mita 3. Simika kipimo cha maji papo hapo, usitegemee jedwali la bandari ya mbali.

Swali: Niliruka hatua ya 4. Naweza kurekebisha nyumbani?
Jibu: Maji ya juzi hayapimiki leo. Rudi baharini.

Swali: Boti ipi ni rahisi?
Jibu: Somo halihusu bei.

Swali: Samahani mwalimu, asiye na kifaa cha kasi ya sauti afanyeje?
Jibu: Umeuliza vyema, dada. Shusha sahani ya chuma chini ya kipima mwangwi kwa kamba yenye alama za mita, mfano wa bildi (kamba ya mabaharia ya kupimia kina), kisha urekebishe mashine mpaka isome sawa na kamba. Kwa vipima vya miale mingi, vinavyotuma sauti chini na pembeni kwa mpigo, hilo halitoshi, kwa sababu miale ya pembeni hupinda ikivuka tabaka za maji, na sakafu tambarare huonekana imejikunja kingo. Ndiyo maana hata Maxlimer, boti ya mita 12 iliyochora volkano ya Tonga mwaka 2022 ikiongozwa kutoka Uingereza, ilibeba winchi ya kushushia ala za vipimo.

Mchangiaji: Kwetu kamba za mwani hunasa rafadha.
Jibu: Maji yakipwa, tembea ukiweka alama ya GPS kwenye kila kigingi cha pembeni mwa shamba, kisha uikataze boti kuingia humo.