Kadi ya mkopo kabla ya kuomba mkopo wa nyumba Marekani: mambo ya kuweka sawa mapema

Wengi wetu tuliofika Marekani tukiwa watu wazima tulikuja na adabu moja kuhusu deni: usikope, na ukikopa lipa upesi. Adabu hiyo haina kasoro, ila benki ya mikopo ya nyumba haijui ulivyolelewa. Inasoma ripoti zilizokusanywa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, kutokana na taarifa ambazo kampuni za kadi huzipeleka kila mwezi. Mtu anaweza kuwa mlipaji mwaminifu kabisa na ripoti yake ikaonekana ya mtu aliyezama, kwa sababu tu ya tarehe aliyolipia.

Anza miezi sita kabla ya kuomba, na mwaka mzima ukiweza. Chukua ripoti zote tatu kwenye annualcreditreport.com, ni bure, na siku hizi unaruhusiwa kuzichukua kila wiki. Soma mstari kwa mstari, hasa jina na anwani. Majina yetu yana vurugu zake: kadi moja imeandikwa jina la baba mwishoni, nyingine jina la babu, na ndugu wawili wenye majina yanayofanana waliowahi kuishi nyumba moja wakajikuta wanabebeshana madeni. Ukiona kosa, lipinge kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni ya ripoti ina siku 30 za kuchunguza. Pingamizi ambalo halijafungwa wakati maombi yako yako mezani linaweza kusimamisha faili zima, kwa hiyo kazi hii haingoji mpaka umeshapenda nyumba.

Kutokana na ripoti hizo hupigwa alama, yaani namba inayoonyesha unavyoaminika kulipa deni. Usizitegemee sana alama unazoziona kwenye simu. Programu nyingi za bure hutumia fomula tofauti na zile za kampuni ya FICO ambazo benki za nyumba zimezoea, na tofauti ya alama 20 au 40 si ajabu. Benki huvuta alama kutoka kampuni zote tatu na kushika ile ya katikati. Ukiwa na 702, 688 na 671, wewe ni 688. Mkiomba mke na mume, kila mmoja ana alama yake ya katikati, na mara nyingi ile ya chini ndiyo inayopanga riba ya wote wawili. Kwa hiyo kusafisha kadi za mmoja huku za mwenzake zimejaa pomoni ni kazi nusu.

Alama za FICO huanzia 300 hadi 850. Historia ya malipo inachukua asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30; umri wa akaunti, maombi mapya na aina za mikopo vinagawana kilichobaki. Kwenye malipo hakuna ujanja: ukichelewa siku 30 kampuni ya kadi inaweza kukuripoti, na doa hilo hukaa miaka 7. Weka malipo ya chini, yaani kiasi kidogo kabisa unachotakiwa kulipa kila mwezi, yajilipe yenyewe kutoka benki, hata kama unapenda kulipa kwa mkono. Penye maneno ni hiyo asilimia 30, na hapo ndipo wengi wanapoteza alama bila kujua.

Chukua kadi yenye kikomo cha dola 2,000. Umepata msiba nyumbani, ukanunua tiketi ya dola 1,700 kwenda Dar es Salaam. Taarifa ya mwezi ya kadi hufungwa tarehe 18, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 13 ya mwezi unaofuata. Wewe, muungwana, unalipa zote tarehe 10. Hujachelewa, hujatozwa riba hata senti. Lakini kampuni nyingi za kadi hupeleka salio la deni lililokuwepo siku taarifa ilipofungwa, yaani dola 1,700 kati ya 2,000. Ripoti inasema umetumia asilimia 85 ya kadi, na alama zinashuka. Dawa yake ni nyepesi: jua tarehe ya kufungwa, ambayo imeandikwa kwenye taarifa yenyewe, na ulipe siku tatu au nne kabla yake. Hapo ripoti itaonyesha salio dogo ingawa umetumia kadi vilevile.

Utasikia watu wakisema usivuke asilimia 30 ya kikomo cha kadi. Hakuna ukuta pale. Kadiri unavyoshuka ndivyo bora, na chini ya 10 ni bora zaidi. Tena huangaliwa jumla ya kadi zote na pia kadi mojamoja, kwa hiyo kadi moja iliyojaa inakuharibia hata kama nyingine nne ziko tupu. Habari njema ni kwamba kwa fomula nyingi alama hupanda tena salio dogo likisharipotiwa. Ila usiache yote mpaka mwezi wa mwisho. Fannie Mae, inayonunua mikopo mingi ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, tangu Septemba 2016 mfumo wake huangalia mwenendo wa salio na malipo kwa miezi 24. Anayelipa zote kila mwezi na anayelipa kidogokidogo huku salio likivimba wanaonekana tofauti, hata wakiwa na salio sawa leo.

Alama si kipimo pekee. Kuna watu wenye 740 wanaokataliwa, na sababu huwa mzigo wa madeni kwa mwezi. Benki inachukua malipo ya nyumba, inaongeza gari, mkopo wa chuo na malipo ya chini ya kila kadi, kisha inagawa kwa mshahara wako kabla ya makato. Tuseme unapata dola 6,000 kwa mwezi. Nyumba pamoja na kodi na bima ni 1,900, gari 450, na malipo ya chini ya kadi zako tatu ni 210. Jumla 2,560, karibu asilimia 43, ambayo ndiyo namba inayotajwa kwenye miongozo ya FHA, idara ya serikali kuu inayowekea bima mikopo ya nyumba, ingawa kompyuta yao hukubali zaidi faili likiwa na nguvu upande mwingine. Ondoa hizo 210 unashuka hadi 39. Na angalia thamani yake: kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, dola 210 kwa mwezi zinabeba mkopo wa takriban dola 33,000. Deni la kadi la dola 6,000 hivi linaweza kukunyima chumba kizima cha kulala.

Kwa hiyo ukiwa na dola 1,000 mkononi, kuuliza ulipe kadi ipi ni kuuliza kwanza una tatizo gani. Kama tatizo ni alama, peleka kwenye kadi iliyokaribia kikomo chake. Kama tatizo ni mzigo wa mwezi, maliza kabisa kadi zenye salio dogo, maana salio la dola 400 lenye malipo ya chini ya 35 likiisha, hizo 35 zinatoka kwenye hesabu zote. Muulize afisa mikopo akupigie hesabu zote mbili kabla hujatoa hata dola. Anayekataa kufanya hivyo, mimi ningetafuta mwingine. Na ukitafuta wakopeshaji kadhaa kulinganisha riba, fanya ndani ya wiki mbili. Maombi hayo ya mkopo wa nyumba yatahesabiwa kama moja.

Kadi ya zamani usiifunge, hata kama huipendi. Ukiifunga unapoteza kikomo chake, na salio la kadi nyingine linaonekana kubwa zaidi ghafla. Inunulie mafuta ya gari mara moja kwa miezi michache ulipe, basi.

Halafu kuna mambo ya ndugu, ambayo hayamo kwenye vitabu vya benki. Umemdhamini shemeji mkopo wa gari? Deni hilo ni lako kwenye ripoti, na ili lisihesabiwe kwa kawaida utahitaji kuonyesha kwa miezi 12 kwamba yeye ndiye amekuwa akilipa kutoka akaunti yake. Umewekwa kama mtumiaji wa kadi ya dada? Ikiwa kadi yake ni safi inakusaidia. Ikiwa imejaa, mwombe akutoe mapema, bila ugomvi. Na fedha za upatu zikiingia kwenye akaunti kwa mkupuo, benki itauliza zilikotoka, kwa hiyo weka maandishi. Kuchukua fedha taslimu kwenye kadi ili kujazia malipo ya awali hakukubaliki kwa mikopo ya kawaida, na kutaonekana.

Kama huna kadi kabisa kwa sababu umelipa kila kitu taslimu tangu ufike, FICO haina cha kuhesabu mpaka uwe na angalau akaunti moja yenye umri wa miezi sita. Kadi ya dhamana, ambayo unaweka dola 200 au 300 zako na kupewa kikomo hichohicho, ndiyo mlango wa kawaida. Tunza pia risiti za miezi 12 za kodi ya nyumba unayopanga. FHA na baadhi ya wakopeshaji huzikubali kama historia kwa asiye na alama. Kwa mwenye alama, FHA huanzia 580 kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5, ingawa benki nyingi hujiwekea kiwango cha juu zaidi ya hicho.

Baada ya kuomba, kadi zako zikae kimya. Benki hukagua ripoti tena kabla ya kusaini, na nyingine hufuatilia kila siku. Duka la samani litakupa kadi yenye miezi 18 bila riba kwa ajili ya sofa na friji, ukiwa na hamu ya nyumba mpya; ombi moja jipya la mkopo na malipo mapya ya dola 120 kwa mwezi vinatosha kurudisha faili nyuma. Ikiwa umeshaifungua, mpigie afisa mikopo siku hiyohiyo umpe kikomo, salio na malipo ya chini, ili apige hesabu upya kungali na muda. Usinyamaze. Siku ya kusaini utaweka sahihi tena kwenye fomu ya maombi inayosema madeni yako yote yametajwa, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la serikali kuu.