Jinsi ya kutafsiri mwongozo wa mtambo kutoka Kifaransa hadi Kiingereza

Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kule Bungoma, kilianzishwa mwaka 1975, na kampuni ya Kifaransa ya Fives Cail Babcock ilikuwa na hisa humo. Kwa hiyo usishangae, ukiwa Kisumu, kuletewa kitabu cha mtambo wa miwa kilichoandikwa Kifaransa, mafundi wakikitaka kwa Kiingereza.

Hatua ya 1: Anza na mchoro, kamusi ingoje. Fuata namba ya kila kifaa kutoka kwenye maelezo hadi kwenye mchoro, uandike kazi yake kwa Kiswahili: kinazunguka, kinabeba, kinazuia. Mwanafunzi wa Kifaransa anajua «arbre» ni mti. Mchoro utakuonyesha "shaft". «Jeu» ni mchezo, ila baina ya shafti na beringi ni uwazi mdogo, "clearance".

Hatua ya 2: Tenganisha ndugu. Hapa ndipo kazi ilipo. Fundi wetu husema valvu, basi. Mfaransa ana «vanne» ya kufungua na kufunga bomba. «Soupape de sûreté» inayofunguka shinikizo la boila likizidi, yaani "safety valve". Na «clapet anti-retour» kinachozuia maji yasirudi, "check valve". Ukiandika "valve" kotekote, stoo itaagiza spea isiyofaa. Ogopa zaidi neno lenye sura ya Kiingereza: «cylindre» kwenye kinu cha miwa ni "roller", rola inayokamua.

Hatua ya 3: Hakikisha. Kwa umeme, tumia Electropedia, kamusi ya istilahi ya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Kwa mengine, TERMIUM Plus, hazina ya istilahi ya serikali ya Kanada. Zote ni bure mtandaoni. Soma fasili na fani, kisha mwonyeshe fundi picha, maana yeye ndiye atakayekishika kifaa. Mengine hayatafsiriwi kabisa: «masse cuite», ule uji mzito wa sukari iliyopikwa, Waingereza waliichukua nzima, wakaiandika "massecuite". Usijitie ubunifu.

Hatua ya 4: Tarakimu. Kwa Mfaransa, 1,500 mm ni milimita moja na nusu. Mwingereza atasoma elfu moja na mia tano. Nayo «ch», nguvu-farasi ya Kifaransa, ni wati 735.5 hivi, ilhali "hp" ya Kiingereza ni 745.7. Mimi huweka kilowati, ubishi ukaisha.

Neno likikushinda, liache kwa Kifaransa pamoja na namba ya kifaa. Stoo huagiza kwa namba.