Meya Unayetaka Kurudi, Anzia Katani

Mstahiki, kwanza vua joho. Hapa Tanzania mwananchi hampigii meya kura. Anamchagua diwani wa kata yake, kisha madiwani ndio wanaomchagua meya. Kwa hiyo pita kura za maoni za chama, halafu chukua kata. Nimeshuhudia meya mzima akiangushwa katani na mwalimu mstaafu aliyekuwa akihudhuria kila msiba.

Tembea kwa mguu. Mtu wa mtaani hakuulizi hati safi ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakuuliza mtaro unaofurika mlangoni kwa mama ntilie kila masika. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, simama kwenye tope hilohilo, sema bajeti yake imefika wapi. Kama haijapita, sema haijapita. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), beba orodha ya vikundi vya kata yako vilivyopata. Utaulizwa tu.

Khanga na hela ya soda acha. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana masikio.

Ukishapita, wapiga kura wako wanabaki wachache, na hapo ndipo pagumu. Hesabu madiwani wote, wa viti maalumu wasisahaulike, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza. Ongea na mmoja mmoja, siyo kwenye grupu la WhatsApp. Anayewahi kujibu “tuko pamoja, Mstahiki” kabla hujamaliza sentensi, mwekee alama ya kuuliza.