Namna ya Kujiandaa kwa Wikiendi ya Safari Rally Ukitokea Visiwani

Mashabiki wa mbio za magari wa Unguja na Pemba hatuna Formula One ya kuiita yetu. Mara ya mwisho mashindano hayo kufanyika barani Afrika ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Yanayotupa haki ya kusema kwamba wiki hii dunia imekuja kwetu ni mashindano ya Safari Rally ya Kenya, ambayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, kisha yakarudi mwaka 2021 huko Naivasha. Namwandikia yule ambaye safari hii ameamua kwenda kuyaona kwa macho yake. Nimewaona watu waliongoja mwaka mzima, wakachanga nauli, wakafika, kisha wakarudi na kumbukumbu ya vumbi tu, na nina hakika kwamba wengi wao walikosea kabla ya kuondoka nyumbani.

Mambo ya hati yamalizwe mapema ili yasiichafue furaha ya kungoja. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini pasipoti iwe hai, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, maana huulizwa unaporudi nyumbani. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa inafanya kazi baada ya siku 10, na ukishachanjwa mara moja kadi yako inatosha maisha yote. Asiyekuwa nayo asisubiri wiki ya mwisho.

Njia ni zaidi ya moja. Mwenye uwezo hupanda ndege hadi Nairobi. Wengine huvuka kwa boti kutoka bandari ya Malindi hadi Dar es Salaam, muda wa saa mbili hivi, kisha hupanda basi linalopita Arusha na Namanga, safari inayokula karibu siku nzima. Ndugu zetu wa Pemba wana njia yao ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote kwa asiye na haraka: kuvuka hadi Tanga, kupita mpaka wa Horohoro, kulala Mombasa, na asubuhi kupanda treni ya SGR hadi Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kilomita 90 hivi, barabara ikishuka ndani ya Bonde la Ufa. Uwe Naivasha siku moja kabla ya magari kuanza, kwa kuwa msongamano wa barabara hiyo asubuhi ya mashindano haumwonei huruma mtu aliyechelewa.

Sasa nije kwenye ratiba, ambapo nitakaa kidogo. Ratiba ya mashindano hutolewa mapema, nayo hutaja kila mkondo, yaani kipande cha njia kinachofungwa ili magari yashindanie muda, kwa jina, urefu wake na wakati ambao gari la kwanza litaondoka. Saa zake zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, basi uzigeuze na uziandike upya kwa saa zetu kwenye karatasi utakayoibeba mfukoni. Saa ya Kenya na ya Zanzibar ni moja, hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Kisha tazama jambo ambalo wageni hawalioni: mikondo mingi hupitwa mara mbili kwa siku, asubuhi na tena mchana. Maana yake ni kwamba anayekaa mahali pamoja kuanzia alfajiri atamwona kila dereva mara mbili, na mara ya pili njia itakuwa imechimbika, mawe yamefumuka, na magari yale yale yaliyopita kama yanateleza sasa yanarushwa huku na huku. Anayekimbilia mikondo mitatu kwa siku moja hutumia siku nzima ndani ya matatu.

Kwa hiyo chagua mkondo mmoja kwa kila siku, na uuchague ukiwa bado nyumbani. Kedong una mchanga laini kama unga, ambao wenyewe huuita fesh-fesh, na gari likizama humo hupoteza nguvu kama mtu anayekimbia ufukweni maji yakiwa yametoka. Sleeping Warrior ni mrefu, na ndio unaovunja magari. Hell's Gate umekuwa ukitumika kufungia mashindano siku ya Jumapili, na dereva mwenye kasi kubwa kwenye mkondo huo wa mwisho huongezewa alama, basi hakuna anayejizuia. Mimi humshauri anayekwenda mara ya kwanza aanze na Sleeping Warrior siku ya Jumamosi.

Wakati uliotajwa kwenye ratiba ni wa gari la kwanza, wala si wa watazamaji kuingia. Njia hufungwa saa kadhaa kabla. Safari yangu ya kwanza dereva tuliyemkodi alituhakikishia kwamba tukifika nusu saa mapema tutapita; tukafika tukakuta utepe umeshafungwa, askari wamesimama, na tukalazimika kushuka na kupanda kilima kwa miguu huku sauti za injini zikisikika ng'ambo ya pili. Nilipofika juu, magari sita ya mbele yalikuwa yameshapita. Tangu siku hiyo huondoka usiku, nikaswali alfajiri huko huko porini.

Kusimama nako kuna elimu yake. Usikae upande wa nje wa kona hata siku moja, kwa sababu gari likishindwa kukata kona huelekea huko. Kaa mahali palipoinuka, nyuma ya utepe, na umtii msimamizi mwenye kizibao bila kubishana naye. Kisha uupime upepo. Sisi watu wa visiwani tunayajua haya tangu utotoni, ila tunayasahau tukifika bara: ukikaa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, vumbi lote litakuja kwako na hutaona kitu kwa dakika nzima, ilhali ukikaa upande wa joshi, upepo unakotokea, vumbi litakwenda zake na utaliona gari mpaka linapotea. Chukua mchanga kidogo, uuachie kutoka kiganjani, utazame unakoelekea. Beba kilemba au mtandio wa kufunika pua, na koti la baridi hasa, kwa maana Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake itamtetemesha mtu wa Makunduchi au Micheweni.

Mwaka 2024 na 2025 mashindano yalifanyika Machi, yakaangukia Ramadhani, na jambo hili linahitaji mpango. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Anayependelea kufunga ajue kwamba Naivasha iko magharibi zaidi kuliko sisi, na mwezi wa Machi jua huzama huko takriban dakika 10 baada ya Unguja, basi asifuturu kwa saa ya nyumbani. Tende na maji viwe ndani ya mkoba tangu asubuhi, kwani ukitoka mkondoni jioni unaweza kukaa kwenye foleni ya magari mpaka Isha.

Sijagusa bado wiki za kungoja, nazo ndizo ninazozipenda kupita kiasi. Kungoja kuna kazi yake. Orodha ya madereva ikitoka, isome pamoja na wenzako barazani, Jaws Corner au popote mnaponywea kahawa, na kila mmoja achague gari lake na aseme sababu. Wazee waulizwe habari za Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mjomba wangu alikuwa akizifuata habari hizo kwa redio, na mpaka leo hutaja jina la Mehta kama anamtaja jirani. Vijana nao wakumbushwe ya mwaka 2021, pale Thierry Neuville wa Hyundai alipoamka Jumapili akiwa anaongoza, gari likaharibika nyuma kwenye mkondo wa kwanza wa siku ile, na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier wa Toyota. Anayeijua habari hiyo hawezi kuondoka mapema Jumapili.

Mashindano yakiwa yamebakiza siku chache, madereva huanza kuipita mikondo kwa mwendo wa kawaida, kila mmoja akimsomea mwelekezi anayekaa kando yake garini kila kona na kila jiwe ili ayaandike daftarini. Hapo ndipo ufuatilie habari za mvua kila siku. Masika yakiwahi, vumbi hugeuka tope, mito midogo hujaa, na mkondo uliouchagua kwa sababu ya mchanga wake unakuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana magari yanayokuja Kenya hufungwa bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa hadi usawa wa paa, jambo ambalo utaliona ukisimama karibu na kivuko cha maji. Mvua ikinyesha, badilisha viatu, na ujihakikishie kwamba gari ulilokodi linaweza kutoka kwenye tope.

Wanaobaki nyumbani wasiachwe nje. Kabla ya kuondoka waachie nakala ya ile karatasi ya saa, na mkubaliane ni wakati gani utawatumia ujumbe, kwa kuwa mtandao wa simu porini huja na kuondoka. Wao kwenye televisheni watajua nani anaongoza kabla yako, nawe utawaambia namna ardhi inavyotetemeka.

Hatimaye umefika, umekaa upande wa joshi, jua limeanza kupasha. Kabla ya washindani hutangulia magari ya usalama: kwanza lenye sifuri tatu, kisha lenye sifuri mbili. Mpaka hapo unaweza kumimina chai na kugawa maandazi. Likipita lile lenye sifuri moja, funika chupa, weka simu mfukoni na unyamaze. Utasikia helikopta kwanza, halafu filimbi za wasimamizi zikipokezana kutoka bondeni, na nyuma ya kilima utaona mstari wa vumbi unaokimbia kuja ulipo.