Gunia kuukuu la korosho dhidi ya konokono

Wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa mnaolima bila kutifua, mkiacha mabua juu ya ardhi: kunde zikiliwa usiku na asubuhi mkaona utelezi unaong'aa kwenye majani, huyo ni konokono asiye na gamba. Msikimbilie dawa ya wadudu. Konokono si mdudu, nyingi hazimuui, tena zinaua mbawakawa weusi wa ardhini wanaomla yeye na mayai yake.

Chukua gunia kuukuu la korosho, lilowanishe, litandaze shambani jioni. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, lifunue. Utawakuta wamejibanza chini yake. Waokote uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Chumvi usimwage shambani, inaharibu udongo.

Mabua nayo msiyachome, tafadhali, ndiyo yanayotutunzia unyevu mvua ikikatika Januari. Yasogeze tu pembeni ya mstari wa mbegu, kama upana wa kiganja kila upande, mche uote palipo pakavu. Ukishakomaa majani, konokono hawauwezi tena kirahisi. Vyura waacheni, wanawala.