Rangi ya Chungwa Ndani ya Kiazi Kitamu: Jinsi ya Kuitunza Kuanzia Shambani Hadi Ghalani

Mkulima wa viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, kama vile Kabode, Mataya na Kiegea, anacho kipimo cha ubora kisichohitaji maabara, nacho ni jicho lake. Rangi anayoiona akikata kiazi na vitamini A atakayoipata mlaji vinatokana na kitu kimoja, beta-karotini, na kwa hiyo popote rangi hiyo inapopauka, lishe nayo imepungua.

Molekuli ya beta-karotini ni mnyororo mrefu wenye atomi 40 za kaboni, ambamo vifungo vya moja na vifungo vya mbili hupokezana, vile vya mbili vikiwa 11. Mpangilio huo hunyonya mwanga wa buluu, na mwanga unaobaki ndio tunaouona kama rangi ya chungwa. Hata hivyo, mpangilio huohuo ndio udhaifu wake, kwa kuwa oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na jua na joto, huvunja vifungo hivyo, rangi ikafifia na mwili ukakosa cha kutengenezea vitamini A. Si yote iliyomo katika chakula inayofyonzwa na kubadilishwa mwilini: hukadiriwa kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ni sawa na mikrogramu 1 tu ya vitamini A kamili. Pamoja na hayo, gramu 125 za viazi vibichi vya aina nyingi za viazi lishe, ambazo ni kiazi kimoja kisicho kikubwa, zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule. Vitamini hiyo hukinga upofu wa usiku na kuimarisha kinga ya mwili, ingawa kula viazi lishe si sababu ya kuacha kumpeleka mtoto kliniki kupata matone yake ya vitamini A.

Ganda lisikudanganye. Wekundu au uzambarau wa ganda ni anthosiyanini, rangi ya ukoo mwingine kabisa, na viazi vingi vyenye ganda jekundu ni vyeupe ndani. Anthosiyanini huyeyuka katika maji, kama tunavyoona kwenye juisi ya rosela, ilhali karotini huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana maji yaliyochemshia viazi lishe hayageuki kuwa ya chungwa. Kabla ya kununua marando, yaani vipande vya shina vya kupandia, kwa jirani, mwombe akukatie kiazi.

Marando yatoke kwenye mimea isiyo na dalili za virusi, kama majani yaliyodumaa, kujikunja au kuwa na mabaka ya njano. Panda vipande vya sentimita 30 kwenye matuta yaliyoachana mita 1, mche hadi mche sentimita 30, na theluthi mbili za kipande zifukiwe. Kiangazi kikiwa kirefu kiasi cha kukausha marando, chagua viazi vidogo vizima visivyo na fukusi, mdudu anayetoboa viazi, vihifadhi ndani ya mchanga mkavu, kisha uvipande kwenye kitalu cha kumwagilia wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua ili vitoe marando mapya. Viazi vinapoanza kutanuka, udongo hupasuka na fukusi hupata njia ya kuingilia, kwa hiyo pandishia udongo kwenye matuta mapema. Aina nyingi huwa tayari kati ya miezi 3 na 5. Karotini huongezeka kadiri kiazi kinavyokomaa, lakini anayeviacha ardhini muda mrefu akisubiri bei, kwa maoni yangu, mara nyingi huwa anawalisha fukusi.

Jikoni, chemsha viazi vikiwa na maganda na sufuria ikiwa imefunikwa. Kwa kuwa karotini hufyonzwa pamoja na mafuta, futari ya tui la nazi ni mapishi bora kuliko wapishi wake wengi wanavyodhani, na mtoto anayelishwa kiazi kilichopondwa aongezewe kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa.

Ukaushaji ndiko hasara kubwa inakoanzia. Huko Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, viazi vya michembe hukatwa vibichi na kukaushwa, na vya matobolwa huchemshwa kwanza, na desturi ya kuanika yote mawili juani kwa siku kadhaa haikuumiza viazi vyeupe, kwa kuwa havikuwa na rangi ya kupoteza. Kwa viazi lishe, kata vipande vyembamba vinavyolingana, vianike juu ya kichanja na kuvifunika kwa kitambaa cheusi kisichozuia upepo, na uviondoe mara vinapovunjika kwa mlio. Hata vikikaushwa vizuri, vipande vinavyokaa miezi minne katika joto la kawaida hupoteza zaidi ya nusu ya karotini. Viweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa, mahali penye ubaridi, na usage unga wa kutumia kwa siku chache tu, kwani unga huguswa na hewa kila upande. Michembe ya msimu uliopita iliyokwisha kuwa myeupe bado inashibisha; pika pembeni yake matembele mabichi kwa mafuta, kwa sababu karotini imo humo pia, imefichwa tu na ukijani wa majani.