Kujitengenezea Kituo cha Kuendeshea Treni Ndogo kwa Mfumo wa Kidijitali, Hapa Lamu

Lamu haina reli, na ile iliyomo katika LAPSSET, mpango mkubwa wa bandari, barabara na reli, bado haijafika, kwa hivyo apendaye treni hapa kisiwani hujijengea yake juu ya meza. Maelezo haya yanahusu treni za kipimo cha HO, ambazo ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi na reli zake huachana kwa milimita 16.5.

Katika mfumo wa zamani mtu huongeza au hupunguza volti za reli, na vichwa vyote vya treni vilivyo juu ya reli hiyo huondoka pamoja. Mfumo wa kidijitali uitwao DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kuwekewa kanuni na NMRA, chama cha wapenda treni ndogo cha Marekani, katika miaka ya 1990, huacha umeme kamili relini wakati wote, na amri husafiri ndani ya umeme huohuo. Umeme hugeuka upande na kurudi kwa kasi: kila nusu ikidumu mikrosekunde 58 husomwa kuwa moja, na ikidumu mikrosekunde 100 au zaidi husomwa kuwa sufuri. King'amuzi kilichomo ndani ya kichwa cha treni husoma tarakimu hizo, kikatii zile tu zilizobeba anwani yake, yaani nambari yake.

Kituo chenyewe, yaani kifaa kinachopeleka amri hizo relini, hakina ugumu. Hutakikana bodi ya Arduino Mega, ambayo ni kompyuta ndogo ya kupangiwa programu, bodi ya mota ya Arduino inayopachikwa juu yake, na programu ya DCC-EX ambayo hutolewa bure. Kwa reli, tumia adapta ya volti 15 ya umeme wa mkondo mmoja (DC). Chaja ya laptopu, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa imo nyumbani, hutoa volti 19 hivi, na sioni sababu ya kuipa HO umeme mwingi hivyo. Kabla ya kuunganisha chochote, igeuze bodi ya mota na ukate kwa kisu kikali kijistari cha shaba kilichoandikwa Vin Connect, kwani kisipokatwa, volti za reli zitarudi katika Arduino na kuiunguza. Baada ya hapo Arduino itahitaji umeme wake yenyewe, na waya wa USB wa kompyuta unatosha.

Reli kuu huungwa kwenye njia A ya bodi ya mota. Njia B ni ya kipande kifupi cha reli kilichotengwa kabisa, ambacho hutumika kubadilishia anwani tu.

King'amuzi kina nyaya ambazo rangi zake zimewekewa kanuni: nyekundu huenda kwenye magurudumu ya reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, na rangi ya chungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Katika vichwa vya zamani, upande mmoja wa mota mara nyingi hugusa fremu ya chuma. Pima kwa multimita, na ukiona kuna mguso, utenge kwanza, la sivyo king'amuzi kitaungua pindi umeme utakapofika.

Sasa nyaya za chini ya meza, ambapo mimi nashauri mtu atumie muda mwingi kuliko kwenye kompyuta. Vipande vya reli hupokezana umeme kupitia viungio vidogo vya bati, na katika hewa yetu ya chumvi viungio hivyo hupoteza mguso upesi. Usivitegemee. Pitisha chini ya meza nyaya mbili za milimita 2.5, zilezile ambazo mafundi wa umeme hutumia kwa soketi za nyumba, kisha kila baada ya mita moja hivi lehemu waya mwembamba kutoka hapo hadi relini. Uso wa reli ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti, hasa wakati wa kusi, ambapo hewa huwa na unyevu mwingi. Msasa huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu, na sufi ya chuma huacha vumbi ambalo sumaku ya mota hulivuta hadi ndani.

Ukisha kupakia programu, fungua kwenye kompyuta dirisha la amri (Serial Monitor) kwa kasi ya 115200 na uandike <1> ili kuwasha reli. Kabla ya kuweka treni, chukua sarafu ya shilingi kumi na uilaze juu ya reli zote mbili mahali palipo mbali zaidi na kituo. Shoti hiyo ni lazima ikate umeme mara moja. Ikiwa haikukata, nyaya ni nyembamba mno au kuna mguso mbaya, na treni itakayoacha njia mahali hapo inaweza kuyeyusha plastiki yake. Rudia jaribio hili katika kila pembe ya meza.

King'amuzi kipya kwa kawaida hutoka kiwandani kikiwa na anwani 3, kwa hivyo <t 3 40 1> kitapeleka treni mbele kwa mwendo wa wastani, kwa kuwa kasi huanzia 0 hadi 126, na <t 3 0 1> kitaisimamisha. Kichwa cha pili kipe anwani yake katika njia B kabla ya kukiweka pamoja na cha kwanza, kwani viwili vyenye anwani 3 vitaondoka pamoja.